Shajara ya mradi: ukoko wa vumbi na upozaji wa bleidi za turbaini ya gesi

Siku ya 1

Naanza kuandika leo maana mradi uliopita sikuandika kitu, nikabaki na mafaili kibao ya data ambayo hata mimi mwenyewe sijui nilipima nini.

Kazi yenyewe ni hii. Turbaini ya gesi, iwe ya ndege au ya kufua umeme, inazungushwa na gesi ya moto kweli kweli. Kwenye mashine za kisasa gesi inaingia ikiwa na nyuzi 1500 na zaidi, na aloi ya nikeli iliyotengenezea bleidi, yaani mapanga ya turbaini, inaanza kuyeyuka kwenye 1300 na kitu. Kinachoiokoa bleidi ni hewa tu. Inachotwa kwenye kompresa, sehemu inayoshindilia hewa, kabla ya kufika kwenye chemba ya kuchomea, kwenye mashine nyingi karibu moja ya tano ya hewa yote inaishia kwenye kupoza, inapita kwenye vijia vyembamba ndani ya bleidi halafu inatokea usoni kwenye vitundu vya nusu milimita hivi, na ikishatoka inalala juu ya chuma kama blanketi. Hewa hiyo si baridi ki hivyo, inaweza kuwa na nyuzi 600 au 700, ila mbele ya 1500 hiyo ni baraka tupu.

Sasa shida ni vumbi. Mchanga wa jangwani, majivu ya volkano, masizi, kutu ya mabomba, vyote vinapita. Vikifika kwenye joto la 1200 hivi vumbi lenye chokaa, magnesia, alumina na silika linayeyuka kuwa kioo kizito na kugandia usoni. Huo mgando mimi nitauita ukoko humu ndani, sijaona neno linalokaa vizuri kuliko hilo.

Swali langu: ukoko ukijengeka kuzunguka vitundu, blanketi la hewa linaharibika vipi? Najua litaharibika, hilo halina ubishi, nataka kujua kwa njia gani.

Siku ya 3

Nimesoma mambo ya zamani ili nisijenge kitu kipofu. Tukio linalotajwa kila mahali ni lile la tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways namba 9, Boeing 747, iliingia kwenye majivu ya mlima Galunggung kule Java, Indonesia, injini zote 4 zikazima. Ndege ikashuka ikielea kutoka futi 37,000 mpaka kwenye 13,000 hivi ndo injini zikaanza kuwaka tena, ikatua Jakarta. Tarehe 15 Desemba 1989 yakatokea tena kwa KLM namba 867 karibu na mlima Redoubt, Alaska, nayo 747, nayo zote 4, nayo ikawasha tena ikatua Anchorage.

Kilichonishika hapo ni hii ya kuwaka tena. Majivu yaliyeyuka ndani ya injini yakaganda kwenye bleidi tuli za mwanzo za turbaini, njia ya gesi ikawa nyembamba, kompresa ikapaliwa. Injini ilipozima na kupoa ule ukoko wa kioo ukanywea, ukapasuka, vipande vikang'oka na njia ikafunguka. Kwa hiyo ukoko wakati wa kazi na ukoko baada ya kupoa ni vitu viwili tofauti. Naweka hili hapa maana nahisi litanirudia. (Lilinirudia. Siku ya 24.)

Ila ndege hizo zilikula majivu mengi kwa dakika chache. Mimi ninachotafuta ni yale ya polepole, vumbi kidogo kidogo kwa maelfu ya saa, injini haizimi wala nini ila bleidi inakuwa na joto zaidi ya ile iliyopangiwa. Na huhitaji joto kubwa kuiharibu, nyuzi 20 au 30 za ziada kwenye chuma zinaweza kukata umri wa bleidi nusu kwa nusu.

Siku ya 5

Nyuzi 1500 siwezi na sitaki kuzileta mezani. Kuna njia ya mkato ambayo maabara kadhaa za vyuo vikuu zimeshaitumia, badala ya majivu yaliyoyeyuka unanyunyiza nta iliyoyeyuka kwenye upepo wa uvuguvugu. Nta inaganda ikigusa sehemu ya baridi, haigandi ikiwa kwenye moto, tabia ni ileile ila unafanya ukiwa umevaa shati tu.

Chembe iwe kubwa kiasi gani ndo hesabu. Kinachotakiwa kulingana ni namba ya Stokes, yaani chembe ina ubishi kiasi gani upepo ukikata kona, yenye namba ndogo inafuata upepo na yenye kubwa inaenda mbele moja kwa moja mpaka igonge ukuta. Formula ni uzito wa ujazo mara kipenyo mara kipenyo mara kasi, gawanya kwa 18 mara mnato mara ukubwa wa tundu.

Injini: chembe ya maikromita 5, kilo 2500 kwa mita ya ujazo, kasi mita 100 kwa sekunde, tundu nusu milimita, mnato wa gesi moto 0.000057. Inatoka 12.

Mezani kwangu: nta kilo 900, kasi mita 10 kwa sekunde, tundu milimita 5, mnato 0.00002. Ili nipate 12 hiyohiyo tone liwe maikromita 49.

Nikajaribu chembe ya maikromita 1, ikatoka tone la 10. Kwa hiyo kanuni yangu ya kidole ni mara 10, nimeiandika ukutani kwa kalamu nene.

Siku ya 9

Mtambo unaanza kuonekana. Blowa, hita, kisanduku chenye mirija ya plastiki iliyopangwa kama sega la nyuki ili upepo unyooke, nyavu mbili, kisha njia yenye upana wa sentimita 12 na kimo cha sentimita 8. Chini ya njia kuna bamba la povu gumu lenye vitundu 7 vya milimita 5, vimelala kwa pembe ya nyuzi 30, kati kwa kati milimita 15. Povu nimelichagua kwa kuwa halipitishi joto, nataka uso wake uonyeshe joto la hewa iliyolala juu yake na si joto lililosafiri ndani ya bamba.

Kutoboa vitundu kwa pembe ya nyuzi 30 kwenye povu ni adhabu. Kekee inateleza usoni kabla ya kung'ata, tundu linakuwa na mdomo uliochanika. Fundi wa karakana akaniangalia naharibu bamba la pili akasema, "Mkuu, mbona unatoboa kitu laini kama chuma? Choma." Akachukua bomba jembamba la shaba lenye makali, akalipasha kidogo, akalisukuma kwa kulizungusha kwenye kiongozi cha mbao chenye pembe tayari. Tundu safi kabisa, mdomo kama umekatwa na wembe. Bamba la tatu ndo hili ninalotumia.

Joto: nta yangu inayeyuka kwenye nyuzi 54, kwa hiyo upepo mkuu nimeupangia 60. Hesabu inadai karibu kilowati 4 na mimi nina hita mbili za kilowati 2, kwenye karatasi inatosha. Ikakwama 55. Kuta zinavuja joto, nani asiyejua, mimi tu. Nimeongeza hita ya tatu na kufunika kila kitu kwa sufi ya glasi, sasa 60 inakaa palepale.

Siku ya 12

Vipimo vya hewa ya kupoza. Inatoka kwenye chumba ikiwa na nyuzi 22, inaingia kwenye sanduku chini ya bamba, inatoka kwenye vitundu. Kipimo kinachotumika ni uwiano wa mpulizo, naandika M, ni uzito wa ujazo mara kasi ya hewa ya tundu gawanya kwa ile ya upepo mkuu. M ikiwa ndogo sana blanketi ni jembamba, ikiwa kubwa sana hewa inaruka juu kama maji ya chemchemi na gesi moto inapita chini yake kama hakuna kitu. Kwa vitundu vya duara kama hivi vyangu patamu ni kwenye nusu hivi.

M ya 0.5 kwangu ni mita 4.4 kwa sekunde kwenye tundu, kwa vitundu 7 inakuwa lita 36.5 kwa dakika. Nimefunga mita ya mtiririko na valvu.

Presha ya kusukuma hewa hiyo ni ndogo ajabu, paskali 24 hivi, sawa na milimita 2.4 za maji, huwezi kuisoma kwa mrija uliosimama. Nimelaza mrija kwenye ubao mpaka milimita 1 ya wima ikawa milimita 10 kwenye mrija, kwa hiyo nasoma 24. Ubao wa manomita nimeuweka nyuma ya blowa maana mezani hakuna nafasi. Kumbuka hapo: nyuma ya blowa.

Siku ya 15

Bamba safi, bila nta. Nimelipaka rangi nyeusi isiyong'aa na nalipiga kwa kamera ya infraredi kutoka juu kupitia dirisha la plastiki nyembamba ya mfuko, hiyo plastiki inapitisha infraredi vizuri, kioo cha kawaida hakipitishi kitu.

Picha imenifurahisha mno. Nyuma ya kila tundu kuna ulimi wa baridi, umekolea karibu na mdomo, unafifia kadiri unavyokwenda, na kati ya ndimi kuna michirizi ya moto. Ufanisi wa utando (utando ndo lile blanketi la hewa), yaani joto la gesi toa joto la uso, gawanya kwa joto la gesi toa joto la hewa ya kupoza, nikichukua wastani wa upana wote kwenye umbali wa vipenyo 5 vya tundu ni 0.31 kwa M ya 0.5. Nikapandisha M mpaka 1 ukaanguka hadi 0.15, ndimi zikawa nyembamba kama uzi. Hewa mara mbili, upozaji nusu. Hii inajulikana siku nyingi ila kuiona kwenye skrini yako ni kitu kingine.

Siku ya 17

Nta imeganda ndani ya nozeli. Siku nzima imeishia hapo.

Siku ya 18

Nozeli nimeizungushia waya wa hita, na hewa ya kupulizia nayo naipasha kabla. Inafanya kazi. Matone nimeyadaka kwenye kioo na kuyaangalia kwa hadubini, mengi yako kati ya maikromita 20 na 90, na yakipiga kioo yanapanuka kidogo kwa hiyo ukweli uko chini ya hapo. Kwa lugha ya injini ni chembe za maikromita 2 mpaka 9 hivi, nimeridhika.

Hesabu nyingine niliyoifanya nikisubiri nta iyeyuke: tone la maikromita 50 linachukua milisekunde 13 hivi kufuata joto la hewa inayolizunguka, la 100 mara nne ya hapo. Safari kutoka nozeli mpaka bamba ni sehemu ya kumi ya sekunde. Maana yake matone yanafika yakiwa na nyuzi 60, bado majimaji, na madogo yakipita kwenye blanketi la baridi yana nafasi ya kuanza kuganda kabla ya kugusa bamba, makubwa hayana habari. Tone lililoganda linadunda na kuondoka, la majimaji linanata. Kwa hiyo blanketi lenyewe linapunguza ukoko pale lilipo, na pale lisipokuwepo ukoko unajengeka, na ukoko ukijengeka unaliharibu blanketi. Duara hilo ndo ninalolitafuta.

Siku ya 19

Mkimbio wa kwanza wa nta! M 0.5, dakika 20. Ukoko umekaa pale nilipoutarajia na pale nisipoutarajia. Michirizi kati ya vitundu imejaa nta kama matuta ya shambani, hiyo sawa. Ila mbele ya kila tundu, upande upepo unakotokea, kuna kidevu cha nta kinachokua kuelekea kwenye mdomo, na kwenye vitundu viwili kile kidevu kimening'inia juu ya tundu lenyewe kama paa la kibaraza. Nimekipima kimoja kwa kalipa: kimefunika milimita 1.5 ya mdomo.

Ufanisi kwenye vipenyo 5: 0.20. Kutoka 0.31! Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye daftari UKOKO UNAKULA THELUTHI YA UPOZAJI, nikaenda kulala nikiwa bingwa.

Siku ya 20

Nimerudia, 0.21. Nimerudia na nta kidogo zaidi, 0.24. Mwelekeo mzuri kabisa. Nimeanza hata kuchora grafu ya kuonyesha watu.

Kitu kimoja kinanikera. Karibu na vitundu vyenye kibaraza ulimi wa baridi haukupungua upana tu, umenyanyuka. Unaonekana kabisa, karibu na mdomo kuna doa la moto halafu mbele kidogo ubaridi unarudi chini. Hiyo ni sura ya M kubwa, na mimi M yangu ni 0.5, mita ya mtiririko inasema lita 36.5, haijacheza.

Siku ya 22

Ee bwana.

Nimekaa na spredishiti asubuhi hii. Kuna safu ya manomita ambayo nimekuwa nikiijaza kila dakika 5 kwa kuinama nyuma ya blowa, naandika namba, narudi, bila hata siku moja kuisoma. Mkimbio wa siku ya 19 ulianza na 24. Ukaisha na 38.

Presha imepanda kwa zaidi ya nusu. Bila shaka ingepanda! Mimi nimefunga mtiririko, nimeiambia valvu ipeleke lita 36.5 liwalo na liwe, na vitundu vimezibika kiasi, kwa hiyo hewa ileile inajipenyeza kwenye mdomo mdogo zaidi kwa kasi kubwa zaidi. Kasi inakwenda kwa kipeuo cha pili cha presha, 38 gawanya kwa 24 ni 1.58, kipeuo chake 1.26. Vitundu vyangu vilikuwa vinapuliza kwa kasi ya robo zaidi, ndo maana ndimi zimenyanyuka. Sehemu ya theluthi ile niliyoishangilia siyo ukoko peke yake, ni mimi na valvu yangu.

Na injini haifanyi hivyo hata kidogo. Kwenye injini hakuna mtu ameshika valvu. Hewa ya kupoza inasukumwa na tofauti ya presha kati ya kompresa na njia ya gesi, kwenye bleidi tuli za mwanzo hiyo tofauti ni asilimia chache tu ya presha yote, na haibadiliki kwa sababu vitundu vyako vimeziba. Tundu likiziba nusu, hewa yake inapungua nusu, basi, haipati msaada popote. Kwangu tundu likiziba jirani zake wanabebeshwa mzigo wake.

Ili nisijidanganye mara ya pili nimefanya jaribio la kijinga. Bamba safi, mtiririko umefungwa 36.5, tundu moja nimelijaza udongo wa kufinyangia. Vitundu 6 vinabeba kazi ya 7, kasi inapanda mara saba kwa sita, presha inapaswa kupanda mara 1.36, yaani kutoka 24 hadi 32.7. Nikainama nyuma ya blowa. 32.

Grafu nimeifuta.

Siku ya 23

Nimehamisha manomita mbele ya macho yangu. Blowa ndo imehama, siyo ubao.

Valvu ya mtiririko nimeiweka pembeni, sasa kuna regyuleta ndogo ya presha na sanduku kubwa la kutuliza hewa, naishikilia 24 kwenye mrija na kuiacha lita ijipangie yenyewe.

Siku ya 24

Nilipiga mkimbio jana jioni, nikazima kila kitu, nikasema kamera ya kawaida nitapiga asubuhi kwenye mwanga mzuri. Asubuhi videvu vyote vimeng'oka vimelala kwenye sakafu ya njia kama magamba ya samaki. Nta inanywea ikipoa, na hapo ndo Redoubt ilinirudia kichwani. Niliandika mwenyewe siku ya 3! Kuanzia leo picha zinapigwa mtambo ukiwa unakimbia na hita ziko hewani, ukizima umepoteza.

Jambo hili linatisha kidogo ukilifikiria kwa upande wa matengenezo. Anayefungua injini iliyopoa kukagua bleidi anaona kilichobaki, haoni kilichokuwepo wakati wa kazi. Na kwenye bleidi zenye koti la kauri ni vibaya zaidi, maana kioo kilichoyeyuka kinanyonywa ndani ya vinyweleo vya koti na kugandia humo, injini ikipoa kioo na kauri vinanywea kwa viwango tofauti, koti linabanduka vipande. Ukoko unaondoka na koti.

Siku ya 27

Mikimbio mitatu kwa presha iliyofungwa, kila mmoja dakika 20, nta ileile, M ya kuanzia 0.5. Plastiki ya dirisha nabadilisha kila mkimbio maana ukungu wa nta unaipaka na kamera inaanza kuona uongo.

Mtiririko unashuka kutoka 36.5 hadi 29 hivi, inalingana na ile 1.26 ya juzi, hapo nilipumua. Ufanisi kwenye vipenyo 5: 0.25, 0.26, 0.25. Kwa hiyo ukoko unakula, ila haukuli theluthi, unakula kama moja ya tano. Ndimi hazinyanyuki tena. Zinakonda na kufupika, na mbaya zaidi hazikondi sawa. Tundu la tatu na la sita karibu hazionekani kwenye kamera, la nne liko kama jipya.

Wastani unaficha jambo hili. Ukiniambia bleidi imepoteza moja ya tano ya utando nitasema haya, tuvumilie. Lakini nyuma ya tundu la tatu hakuna wastani, kuna moto. Bleidi haiungui kwa wastani, inaungua pale tundu lake baya lilipo. Nimeanza kuripoti namba mbili, wastani na mstari mbaya kuliko yote, na ule mbaya uko 0.11.

Kwa nini la tatu na la sita? Nilidhani bahati. Nikaipima midomo yake kwa lenzi: zote mbili zina mdomo wenye chembechembe za povu zilizosimama, sehemu ambayo bomba la fundi lilikuwa limeanza kupoa nikalisukuma kwa nguvu badala ya kulipasha tena. Ukwaru wa sehemu ya kumi ya milimita, nta imepata pa kushika, ikaanza kujenga. Kwenye chuma halisi ukwaru kwenye midomo ya vitundu hutokea pia, koti la kauri linaponyunyiziwa linaingia kidogo kwenye mdomo. Bado sijajua nilifanye nini hili ila silisahau.

Siku ya 29

M ya 1 kwa presha iliyofungwa. Ufanisi safi ulikuwa 0.15, baada ya nta 0.17. Umepanda! Nimeangalia mara tatu. Nadhani matuta ya nta pembeni mwa vitundu yamefanya kama mtaro, hewa inajaa kwenye mtaro kwanza inatawanyika halafu ndo inatoka, badala ya kuruka. Wabunifu wa bleidi wanaijua hila ya kuzamisha safu ya vitundu ndani ya mtaro kwa makusudi. Pia mtiririko umepungua, kwa hiyo kila ulimi una momenta (nguvu ya mwendo) ndogo zaidi na haupendi kuruka. Siwezi kutenganisha hizo sababu mbili kwa data niliyonayo, na 0.02 ni karibu na makosa yangu ya kipimo, kwa hiyo nisitangaze kwamba uchafu unapoza.

Siku ya 33

Nimegeukia upande wa ndani kwa siku chache. Humo mambo ni tofauti kabisa, hewa ina nyuzi 600 au 700, vumbi halijayeyuka, nta haifai. Humo ni chembe kavu ndogo zinazonata zenyewe kwa udogo wake.

Nimetengeneza sanduku la akriliki, bamba lenye vitundu vya milimita 3 vinapuliza kwenye ukuta ulio milimita 6 mbele, ndo jinsi bleidi tuli nyingi zinavyopozwa ndani, hewa inapiga ukuta kwa nguvu. Nikaweka vumbi laini sana kidogo kidogo. Baada ya nusu saa, chini ya kila tundu kuna kichuguu. Si mfano, ni kichuguu kabisa chenye ncha, kimesimama katikati kabisa ya pale hewa inapopiga, mahali penye upozaji mkali kuliko pote. Kati ya vichuguu ukuta karibu ni safi.

Nikapiga hesabu. Tukichukua vumbi lililoshikana lina upitishaji joto wa 0.2 kwa vipimo vya kawaida, tabaka la milimita 0.1 lina ukinzani wa 0.0005. Hewa inayopoza vizuri ndani ya bleidi, kiwango cha uhamishaji joto cha 2000, nayo ina ukinzani wa 0.0005. Yaani unene wa unywele mmoja wa vumbi umeongeza ukinzani wa upande wa ndani mara mbili, bila kuziba tundu hata moja, bila presha kucheza, bila mita yoyote kukuambia kitu. Vichuguu vyangu vina kimo cha milimita 1 na ushee.

Baada ya kuona hivi ile kazi ya nje niliyoshinda nayo mwezi mzima imeanza kuonekana kama nusu ya habari.

Siku ya 36

Mpango wa wiki mbili zijazo. Bamba jipya la povu, vitundu vyote 7 nitavitoboa na bomba lililopashwa upya kila tundu, halafu nitakwaruza kwa makusudi kitundu namba 2 peke yake kwa msasa, kuona kama nta inaanzia hapo kweli. Ikianzia namba 5 basi nadharia yangu ya ukwaru imekufa na nitaangalia upepo, maana nimeshagundua upepo mkuu una kasi kidogo zaidi upande wa kulia.

Upande wa ndani nataka kupima kimo cha kichuguu kila dakika 5 bila kufungua sanduku, ukifungua kinaanguka. Nimejaribu kupiga picha kupitia akriliki kwa pembeni, ukuta wa pembeni nao unapata vumbi baada ya dakika 10 na picha inakufa. Kesho najaribu kupuliza hewa safi kidogo kwenye ukuta huo kwa ndani, kitundu kimoja chembamba pale juu, ili vumbi lisitue. Ndiyo, najua, nakiwekea kioo blanketi la hewa.